Hakuna Kisiwa cha Mbali

Katika mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru, kuna biashara ambayo bidhaa yake haitiwi katika gunia wala haipimwi kwa mizani. Bidhaa hiyo ni safari. Mgeni hushuka katika ndege akapokewa, akapandishwa motokaa, akapelekwa Tarangire na Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Akaona simba na tembo, akala vumbi la nyika siku sita au saba. Na mwisho wa vumbi hilo huahidiwa kisiwa. Ndege ndogo huondoka katika kiwanja cha Kisongo, magharibi ya mji, na mtu aliyeamka katika ubaridi wa mlima huweza kutia miguu yake katika maji ya bahari kabla ya jua kuchwa. Ahadi ya kisiwa imekuwa mkia wa safari, na siku hizi si wageni peke yao wainunuao. Karani wa Arusha, mwalimu, wakili na mfanya biashara ya vito, wanapopanga likizo zao, nao hukaa mbele ya picha zile zile: mchanga mweupe, mnazi mmoja ulioinama, mashua moja isiyo na mtu.

Visiwa vyenyewe vina majina. Viko Unguja na Pemba, Mafia na Chole, Juani na Jibondo, Misali, Mnemba na Changuu. Lakini katika maneno ya matangazo jina si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni sifa tatu ambazo kila kisiwa huvikwa kabla ya kuuzwa: kwamba kiko mbali, kwamba kiko kimya, na kwamba ni kitupu. Sifa hizi tatu ni za uongo. Kama zingekuwa uongo wa kupendeza tu, mfano wa muuza maembe asifuye maembe yake, zingeachwa zipite. Lakini uongo huu una madhara, na madhara yake huwaangukia watu ambao hawakuwapo wakati wa mapatano.

Isidhaniwe kuwa hapa panashutumiwa mapumziko. Mwili una haki yake, na akili iliyofanya kazi mwaka mzima ina haki ya kukaa mahali ambapo hapana kengele wala barua. Wala haishutumiwi bahari, maana bahari haikumkosea mtu. Linaloshutumiwa ni namna ya kufikiri ambayo huanza kwa kuwafuta watu katika ramani ili mgeni apate raha ya kujiona wa kwanza. Mpango wa likizo waonekana kuwa jambo dogo la mtu na mfuko wake. Kwa hakika ni hukumu, kwa sababu apangaye huamua mapema nani atakuwapo na nani hatakuwapo katika mahali aendapo.

Neno la kwanza ni mbali. Umbali hauna maana mpaka ijulikane unapimwa kutoka wapi. Wenyeji wa Arusha hupenda kuwaambia wageni kwamba Mnara wa Saa umesimama nusu ya njia baina ya Cairo na Cape Town. Mji ujionao uko katikati ya bara zima huona wepesi kuuita kila mji mwingine pembe. Lakini mvuvi wa Jibondo, akisimama ufuoni alfajiri, hayuko mbali na kitu akitakacho: maji yako mbele yake, chombo chake kiko mkononi mwake, na nyumba yake iko nyuma yake. Kwake yeye Arusha ndiyo iliyo mbali, huko juu kwenye baridi, ambako mtu huweza kuishi miaka mingi asionje chumvi ya bahari. Kwa kipimo chake mvuvi huyu ana haki sawa na haki ya mji. Tofauti ni kwamba kipimo cha mji huchapwa na kipimo cha mvuvi hakichapwi.

Na kama umbali ungepimwa kwa historia, mizani ingeinama upande wa visiwa. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa akaukuta mji katika kisiwa, wenye sultani, wanachuoni na wafanya biashara ambao vyombo vyao vilishika njia ya dhahabu ya Sofala. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe. Masimulizi ya Kilwa yaitaja Mafia kuwa jirani na jamaa, na katika kisiwa cha Juani magofu ya Kua yangali yamesimama, misikiti na nyumba za mawe, mabaki ya mji ulioangamizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na mateka na moto wa Wasakalava waliovuka kutoka Bukini. Arusha ya leo ilianza kukua kuzunguka boma la Wajerumani lililojengwa karibu na mwaka 1900. Mji wa jana humwita babu wa karne nyingi mtu wa pembezoni, kisha huuza upweke wake kama kwamba hakuwahi kuzungumza na mtu.

Hata katika vita kuu ya kwanza ya ulimwengu kisiwa hakikuwa mbali vya kutosha kusalimika. Mwezi wa Januari 1915 majeshi ya Uingereza yaliiteka Mafia kutoka kwa Wajerumani, na kutoka huko ndege zikaruka kwenda kuitafuta manowari ya Königsberg iliyojificha katika midomo ya mto Rufiji. Mwezi wa Julai mwaka ule manowari ile ikaangamia. Watu wa Mafia walisikia mizinga ya Ulaya juu ya vichwa vyao. Mahali palipofikiwa na ugomvi wa wafalme wa London na Berlin pawezaje kuitwa mahali palipojitenga na dunia?

Liko jambo jingine, nalo ni karibu zaidi na wasomi. Lugha ambayo ofisi za Arusha huandika na kuhesabu, lugha ambayo dereva humsalimu mpishi na mpishi humjibu mchukuzi wa mizigo, msingi wake ulitoka kisiwani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Halmashauri ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ili kuilea. Mwarusha na Mmeru, Mwiraki na Mchaga, wakikutana katika soko la Kilombero, husikilizana kwa maneno yaliyosafishwa kwa upepo wa bahari. Mtu akisema kwa Kiswahili kwamba Unguja iko mbali, ulimi wake humkana kabla hajamaliza sentensi.

Wala si visiwa vya bahari peke yake. Katika ziwa Nyanza kiko kisiwa cha Ukerewe, ambacho mpangaji wa safari angekitaja, kama angekitaja, kuwa mahali pa amani pasipojulikana. Katika kisiwa hicho Aniceti Kitereza aliandika hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikapigwa chapa mwaka 1980. Alingoja miaka thelathini na mitano. Hapo pana umbali wa kweli, nao haukuwa umbali wa maji. Ulikuwa umbali wa masikio ya wachapaji, ambao hawakudhani kuwa kisiwa chaweza kuwa na neno la kuambia ulimwengu.

Neno la pili ni kimya. Mtu aliyekaa katika kijiji cha kisiwani ajua kuwa kimya si tabia yake. Kuna adhana ya alfajiri, kuna watoto wa chuo wanaosoma kwa sauti moja, kuna shoka la fundi wa jahazi, kuna wanawake wanaorudi na mwani au wanaochokoa pweza maji yakipwa, wakiitana juu ya miamba. Kama mgeni ameahidiwa kimya na akafika akasikia uhai, huona ameibiwa. Huenda kwa msimamizi wa hoteli akashitaki. Na msimamizi, apendaye kulipwa, huweka mlinzi ufuoni. Mtoto ambaye jana alikimbia pale na mpira wa makuti leo huambiwa apite nyuma ya ua. Hakuna sheria iliyotangazwa wala baraza lililokaa. Neno moja la tangazo limefanya kazi ya sheria na baraza.

Neno la tatu, kitupu, ndilo baya kupita yote. Viko visiwa visivyo na nyumba, ni kweli. Lakini kutokuwa na nyumba si kutokuwa na wenyewe. Wavuvi wa pwani hii wana desturi ya dago: huhama kwa majira, wakapiga kambi katika kisiwa kidogo au fungu, wakakausha samaki, wakarudi kwao msimu ukigeuka. Mtu ajaye baada ya wao kuondoka huona mchanga usio na nyayo akafurahi. Hajui kuwa amefika nyumbani kwa watu waliotoka kidogo. Misali, magharibi ya Pemba, ni kisiwa cha namna hiyo. Watu husimulia kwamba mtume Hadhara alitaka msala wa kusalia, na msala ulipokosekana akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Na ndipo kikapata jina lake. Mahali palipopewa jina kwa sala pana wenyewe, hata kama hapana mlango wa kubisha hodi.

Watu wa Mlima Meru wangepaswa kuwa wa kwanza kulikataa neno hili kitupu, maana wao walilipa gharama yake. Baada ya vita kuu ya pili, tume ya Jaji Wilson ilichunguza ardhi za Arusha na Moshi, ikashauri kwamba eneo lililo baina ya Meru na Kilimanjaro lifanywe kipande kimoja cha walowezi wa kizungu. Katika ramani shauri hilo lilikuwa nadhifu. Lakini katika Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima, walikuwapo Wameru, na ng'ombe wao, na mashamba yao. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000. Nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, na wenyewe wakaelekezwa Kingori. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kulieleza jambo lile. Ardhi haikurudishwa kwa hotuba ile, lakini ulimwengu ulisikia kuwa mahali palipoitwa pa kufugia ng'ombe wa walowezi palikuwa na majina ya watu.

Miaka kumi na moja baada ya moto ule, mwaka 1962, ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Hatari!, ambayo sehemu zake nyingi zilipigwa pande za Momella, karibu na Engare Nanyuki hiyo hiyo. Ulimwengu ukaona nyanda nzuri, twiga na vifaru, na wageni hodari wanaowakamata wanyama. Ilikuwa picha ya kuchekesha na kupendeza. Mtazamaji wa Chicago hakuwa na njia ya kujua kwamba juu ya nchi ile majivu yalikuwa hayajasahaulika. Hivyo ndivyo utupu utengenezwavyo: kwanza watu huondolewa katika ramani, kisha katika ardhi, na mwisho katika picha, na picha ikidumu muda wa kutosha, huja mtu mwingine akaichukua kuwa ushahidi kwamba hapakuwa na mtu tangu hapo.

Yumkini msomaji atasema mfano huu ni mzito mno kwa jambo la likizo. Hakuna askari aendaye kisiwani na mienge kwa ajili ya mtalii. Ni kweli, na haki yataka tofauti hiyo itajwe. Lakini mfano hautolewi kwa sababu matendo ni sawa. Watolewa kwa sababu hatua ya kwanza ni ile ile. Aliyezoea kuona kisiwa bila watu hatashangaa siku atakapoambiwa kuwa ufuo umekodishwa miaka mingi, na kwamba njia ya wavuvi imefungwa, na kwamba kisima kimepata mwenye kukilinda. Ataona ni mambo ya utaratibu. Macho yake yalikwisha kufundishwa.

Watetezi wa biashara hii wana hoja, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni fedha. Husema kwamba mgeni huleta fedha za kigeni, huajiri vijana, hununua samaki na nazi. Na mithali yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hoja hii ni njema ikiwa itakamilishwa. Mithali haikusema mgeni njoo, wakala apone. Sehemu kubwa ya bei ya safari hulipwa kabla mgeni hajavuka bahari, na kila mkono uipokeao hukata chake; kijiji ni mkono wa mwisho. Tena, katika mji huu huu wa Arusha, mwaka 1967, lilipitishwa Azimio lililotaja mambo manne yahitajiwayo na maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watu walitajwa kwanza, na fedha ikaelezwa kuwa ni tunda la kazi wala si msingi wake. Mtu aweza kulikataa Azimio lile kwa mengi, lakini hawezi kuuza ardhi isiyo na watu kutoka katika mji ulioandika maneno hayo, asione haya.

Hoja ya pili ni hifadhi. Husemwa kwamba pasipo mgeni na ada yake matumbawe yangekwisha kwa baruti na nyavu za kukokota. Hapa pana ukweli mkubwa. Baruti iliharibu miamba mingi ya pwani hii, nayo haikuletwa na watalii. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya namna yake katika Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995, na eneo lake ni kilomita za mraba 822. Lakini tazameni ilivyowekwa: vijiji vimo ndani ya mipaka yake, na bahari imegawanywa, mahali pa kuvua na mahali pasipovuliwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika wilaya ya Mafia watu zaidi ya 46,000. Basi hifadhi yenyewe, kwa sheria na ramani yake, yakiri kuwa kisiwa kina watu. Ni tangazo tu ndilo likanushalo. Anayetumia jina la hifadhi kuuza utupu atumia jina la shahidi amkanushaye.

Hoja ya tatu ni ya mgeni mwenyewe: amechoka, amelipa, na hakuja kusoma historia. Hoja hii ni dhaifu kuliko zote, kwa sababu adabu haichoshi. Mtu aingiaye nyumba ya mwenziwe huvua viatu hata kama ametembea siku nzima. Na tazameni jinsi mgeni huyo aliyechoka anavyojua kuhesabu yaliyo yake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumtaka kila mgeni atokaye nchi za nje awe na bima ya safari, naye hulipa, maana aona faida ya kulindwa. Mwili wake una bima, na mzigo wake vivyo hivyo. Je, kisima cha kijiji kina bima gani kwake?

Suala la kisima si la mzaha. Katika visiwa vidogo vya matumbawe mvua hupenya haraka katika mwamba, na maji matamu hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi. Yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima kilichowatosha mababu huharibika. Mpangaji wa likizo aulizaye kama chumba kina bafu la maji ya moto, asiulize maji hayo yatoka wapi, ameuliza nusu ya swali. Na nusu aliyoiacha ndiyo yenye uhai wa watu.

Basi mpango ulio wa haki ungekuwaje? Ungeanza kwa kuuliza, kabla ya bei, nani akaaye pale na afanya kazi gani mwezi ule. Ungejua kuwa masika ya Machi hadi Mei si majira mabaya bali ni majira ya mtu mwingine, mkulima. Ungejua kusi na kaskazi, kwa sababu upepo ndio uamuao nani atavua na nani atakaa. Ungejua bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, ambapo maji hupwa sana na wanawake hutoka kwenda miambani. Na mgeni asingelalamika kwamba bahari imekimbia, angefahamu kuwa bahari imewafungulia wenyewe ghala lao. Ungejua Ramadhani, ili mtu asile hadharani mbele ya waliofunga. Ungejua kuwa papa potwe wa Mafia, waonekanao kati ya Oktoba na Machi hivi, hujongea kufuata chakula chao wala hawakuitwa na hoteli. Na mwisho ungeuliza fedha: katika kila shilingi mia, ngapi zitalala kisiwani?

Maswali haya hayahitaji chuo kikuu, lakini chuo kikuu chaweza kuyafanya yawe desturi. Yako madarasa ya utalii ambamo vijana hufundishwa kupamba maneno, na wengi wao ni watoto wa mlima huu, wajukuu wa watu waliofukuzwa Engare Nanyuki. Kalamu zao ndizo ziandikazo "mbali" na "kitupu". Kijana wa namna hiyo akiulizwa kama Meru ni mlima mtupu, atakasirika. Ataonyesha migomba na kahawa, mifereji ya maji iliyochimbwa na wazee, makaburi na makanisa. Na ajuavyo yeye juu ya mlima wake, mwenziwe wa Chole ajua vivyo hivyo juu ya kisiwa chake. Mlima Meru, wenye mita 4,566, umetoka katika nyika kama kisiwa kitokavyo baharini. Na walio juu yake waliwahi kutazamwa kutoka mbali na mtu mwenye ramani nadhifu.

Iko mithali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao. Watu wa Arusha wamezoea kuitumia kumwonya mtu anayekimbilia mapya. Yafaa leo itumike kwa maana pana zaidi: mbacha wa mtu mwingine nao usiuzwe kwa jina la msala wa mpita njia. Mwenye kwenda kisiwani na aende, apumzike, aoge baharini, ale samaki, alipe. Lakini ofisi impelekayo iandike katika karatasi ya safari, juu kabisa, kabla ya saa ya ndege na idadi ya vitanda, jina la kijiji na hesabu ya watu wake. Ofisi isiyoweza kuandika mistari hiyo miwili haikijui kisiwa ikiuzacho, na haina haki ya kukiuza.